Kalamu za Mjomba na Bamba la Mwingereza

Bertrams, Johannesburg
9 Novemba 2025

Kwa Mkaza Mjomba Mayasa, mwenye nyumba na mwenye hasira,

Salamu nakupa zote, chagua unazozitaka, zinazobaki mpe Duni. Othmani dereva wa lori kaniambia ati simu yangu umeifungia, na kwamba nikiwa na neno niandike kwa mkono na nitie sahihi, maana maneno ya simu huruka na maandishi hukaa mbele ya kadhi. Haya, nimeandika. Mwalimu wangu wa kidato cha pili akiiona barua hii ataniomba radhi kwa viboko vyote.

Kwanza ujue unaandikiana na mtu gani. Mimi siye yule Luqman wa kutumwa chumvi. Mimi ni fundi wa nakshi hapa Fordsburg, nyuma ya soko kubwa la nguo, dukani kwa Bwana Naseeb. Pete za harusi, vikombe vya mpira, vibao vya milango ya madaktari, vyote vinapita mkononi mwangu. Wateja wakiuliza nani kachora, Naseeb anasema "mashine". Mashine ni mimi.

Ila kuna kazi ya pili, na hii usisome ukiwa unakula. Naseeb amenunua kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kizungu aliyekufa bamba la chuma cha pua, dogo, kama ukubwa wa sahani ya chai. Juu yake pamechorwa bibi amekaa dirishani na mbwa mwembamba. Limechorwa Uingereza miaka mia mbili iliyopita. Unalipaka wino, unalifuta, wino unabaki ndani ya mistari, unaweka karatasi mbichi, unabana kwenye mtambo, picha inatoka. Basi Naseeb anazichapa leo na kuziuza kama za zamani. Tunaziloweka kwenye maji ya majani ya chai yaliyokwisha kutumika, tunayaokota kwenye migahawa na kuyakamua kwa mikono, mengine yana mate ya watu. Halafu, Mkaza Mjomba, picha ya zamani lazima iwe na vidoa vya mavi ya nzi. Bila mavi ya nzi mnunuzi mjanja haamini. Kwa hiyo kila Jumatano napanda taksi hadi Yeoville, kwa Mama Héritière Mkongomani anayeuza samaki sokoni, ananipa matumbo ya samaki bure. Nayaweka kwenye ndoo katika chumba cha nyuma, picha zinatundikwa juu yake, nzi wanakula, wanapanda, wanamaliza haja zao. Mama Héritière hunicheka mbele ya watu: "Weye kijana, unafugaka nzi? Mama yako anajuaka?" Eish. Harufu imeniingia hata kwenye kope. Na picha zinakwenda kwenye nyumba za matajiri, zinatundikwa vyumba vya kulia. Watu wanakula nyama wakitazama mavi ya nzi wangu.

Geuza karatasi hii, utaiona picha yenyewe. Ni chapa iliyoharibika, wino umevuja. Zinatupwa nyingi, na mimi sinunui karatasi wakati ya bure ipo.

Kuhusu zile kalamu saba za nakshi za marehemu mjomba, vile vyuma vyake vya kuchorea fedha: ninazo, zipo salama kuliko zilivyokuwa kwenye lile kopo lenu la biskuti. Tutaongea.

Ni mimi, fundi,
Luqman

*

Tanga
24 Novemba 2025

Luqman,

Barua yako nimeishika kwa mkono mmoja, mwingine nimezibia pua.

Hakuna cha "tutaongea". Kalamu saba za marehemu Karimu ulizichukua siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa bado wanakula wali wa hitima. Mimi nikadhani umekwenda kuoga. Siku ya nne tukasikia umeshavuka mpaka wa Tunduma. Mume wangu hakuacha shamba wala gari, aliacha kalamu saba na binti mmoja. Kalamu ni za binti.

Duni ana miaka kumi na tisa. Amekaa karibu na baba yake tangu hajui kusoma, akishika taa, akinoa, akichora juu ya kopo za maziwa. Sasa yule sonara wa Barabara ya Nane amesema atamchukua, bangili za harusi za Shaaban ni nyingi na mkono wa Duni ameuona. Lakini aje na kalamu zake mwenyewe. Sonara haazimi kalamu, kama mtu asivyoazima mswaki. Amempa muda hadi nisfu Shaaban, hiyo ni mwanzoni mwa Februari. Baada ya hapo atamchukua kijana wa Pangani ambaye tayari ana zake.

Mpe Othmani kalamu saba, zikiwa zimefungwa kwa kitambaa, zisigongane. Sitaki picha ya mbwa tena nyumbani kwangu. Na ukinawa, nawa kwa sabuni.

Mayasa binti Ali

*

Bertrams
7 Desemba 2025

Kwa Mkaza Mjomba, hakimu wa Tanga nzima,

Nimecheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Unanitisha kwa kadhi! Wewe umesahau sisi ni Wadigo? Kwa mila yetu ya asili mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Mtoto wa dada, damu ya hakika. Bibi alikuwa akisema mpwa akila cha mjomba hajaiba, amejipakulia. Mimi nimejipakulia. Na tena nani alikuwa na mkono? Mjomba alisema mbele ya watu: Luqman ana mkono. Kuhusu Duni alisema ana macho. Sasa macho yanashika kalamu?

Lakini sikuandika kwa ugomvi, nimeandika kwa sababu nina jambo linanitia kichefuchefu, na hapa sina wa kumwambia. Hawa niliopanga nao wanataka habari za mpira tu.

Lile bamba lilikuja limefungwa kwa karatasi ya nta, na ndani mlikuwa na karatasi nyingine, imeandikwa kwa mkono na yule bibi aliyekufa. Naseeb akasema tupa. Mimi sikutupa, nikaisoma siku nne, maana Kiingereza changu ni cha taa za robot barabarani na vioski vya spaza, hiki kilikuwa cha makumbusho. Habari za huyo Mwingereza aliyechora. Jina lake Enoch Padley. Alianza akiwa mtoto, akichora maua kwenye bunduki za matajiri, London. Siku hizo picha za vitabu zilichorwa kwenye shaba nyekundu, na shaba ni laini, ukichapa nakala elfu chache uso wa mtu unakuwa kama umefutwa na mvua. Watu wakataka chuma cha pua kwa sababu hakichakai. Tatizo, nani atakichora? Padley akawa mmoja wa wa kwanza kujaribu. Mkaza Mjomba, yule mtu alikula jeuri ya chuma! Kalamu zilimkatikia. Kipande kiliruka kikamla jicho la kushoto. Alivuta moshi wa tindikali hadi chakula kikawa hakina ladha, mkewe alimpa supu bila chumvi mwezi mzima hakujua. Bibi huyu wa dirishani peke yake alimchukua miezi kumi na minne. Manyoya ya mbwa yana mistari ambayo mimi, na mimi nina macho, naihesabu kwa kioo cha kukuza.

Sasa sikiliza uchafu. Kazi zake zote zilitoka kwa jina la tajiri wake mwenye karakana. Hii moja tu ndiyo aliyoruhusiwa kutia jina lake, pale chini pembeni, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Na Naseeb ananiambia nilisage hilo jina, nichore la mtu mwingine, bingwa mmoja ambaye wanunuzi wanamtafuta. "Padley hamjui mtu," anasema, huku anakula sambusa kwa kiganja kilekile alichofutia wino. Hanawi, Mkaza Mjomba. Anajilamba wino na mafuta pamoja.

Nimemwambia nitafikiri. Anajua hakuna mwingine hapa mjini atakayeweza. Na kweli hakuna.

Kalamu zipo salama kabisa.

Mrithi wa mjomba kwa mila,
Luqman

*

Tanga
20 Desemba 2025

Luqman,

Umenikumbusha mila, nami nakukumbusha iliyobaki. Mpwa wa Kidigo aliyerithi mjomba huosha maiti ya mjomba, huingia kaburini kumpokea, hukaa arobaini, kisha humlisha mjane. Wewe kaburini hukuingia, ulisema viatu vipya. Arobaini ulikuwa huko kwa Mama Héritière. Mjane analishwa na binti yake anayeuza vitumbua asubuhi. Ukiitaka mila uibebe yote, hata upande wenye miiba. Kama huiwezi, basi ni sheria, na kwa sheria wewe si chochote kwa Karimu. Ulichokula ni mali ya yatima, na unajua Mungu amesema anayekula hicho anakula moto tumboni. Labda ndiyo harufu unayoisikia.

Unamhurumia Mwingereza aliyekufa miaka mia mbili kwa sababu wanataka kumpokonya jina. Vizuri. Una huruma ya mbali.

Duni amechukua kipimo cha bangili ya kwanza. Sonara ameuliza mara mbili: kalamu zimefika? Nimesema zipo njiani. Umenifanya niseme uongo dukani kwa watu.

Niandikie kalamu moja moja, hali yake. Saba. Nataka maandishi.

Mayasa

*

Bertrams
4 Januari 2026

Kwa Mkaza Mjomba,

Heri ya mwaka mpya wa Kizungu. Ulitaka maandishi, haya:

Ya kwanza, ile ya mraba, nzima. Ya pili nzima. Ya tatu ya kukatia mstari mnene, nzima na nimeinoa. Ya nne na ya tano, nzima, mapacha wale. Ya sita ina kutu kidogo lakini kutu ilikuwepo toka kwenu. Ya saba, ile nyembamba yenye mpini wa mpingo, ya mstari wa mwisho, hiyo nayo ni nzima kwa namna yake.

Zingekuwa zimekwisha kuja, sema Othmani hasafiri mwezi huu, lori lake bovu, limelala Harare. Na pia nina kidonda kidogo shavuni, nilijigonga na mlango. Daktari kasema nisishughulike na mizigo.

Naseeb anaendelea na uchafu wake. Joto limezidi, ndoo ya nyuma ina funza wa saizi ya mchele wa Mbeya. Ananiambia nimwage nusu nibakize nusu, "ili nzi wasihame." Nilitapika kwenye ndoo hiyohiyo. Akasema sawa tu, itasaidia.

Sina zaidi. Sharp, ndivyo wanavyoagana hapa.

Luqman

*

Tanga
16 Januari 2026

Kaka Luqman,

Ni mimi Duni. Mama hajui ninaandika, yupo kwa jirani.

Barua inayosema Othmani hasafiri imeletwa na Othmani. Alikaa hapa akanywa chai vikombe viwili, akauliza kwa nini mama anamtazama vile.

Lakini sikuandika kwa hilo. Mama husoma mbele ya karatasi zako, mimi husoma nyuma. Tangu ya kwanza. Nimezipanga zote tatu juu ya kitanda. Ya Novemba na ya Desemba, chini pembeni mna jina, herufi ndogo zimesimama sawasawa, kila moja imekatwa kwa pumzi moja. Nilikaa nayo kwenye mwanga wa dirisha asubuhi nzima, vitumbua vikaungua. Sijapata kuona mkono kama ule. Mbwa anapumua.

Ya Januari hakuna jina. Pana doa la kijivu, kama mahali ambapo mtu amesugua kidonda. Juu ya doa pana herufi tatu, na zimetoka zimegeuka nyuma mbele. Kaka Luqman! Wewe umezoea vikombe vya mpira. Bamba la kuchapa huchorwa kinyume ili karatasi isome sawa, hata mimi ambaye sijawahi kuliona nimelijua hilo kwa kutazama tu. Halafu baada ya herufi ya tatu pana mkwaruzo. Umeanza mwembamba, umepita mguu wa mbwa, umeishia mpana na kuchimba. Ncha ilikatika pale. Mstari mwembamba hivyo katika kalamu za baba unatoka kwenye moja tu, ya saba.

Baba alikukataza. Kalamu za kuchorea fedha haziguswi na chuma cha pua. Alisema mbele yangu, wewe ukiwa unakula mhogo wa kukaanga na kuitikia "ndiyo mjomba" kwa mdomo umejaa.

Na shavu lako halikugongwa na mlango.

Nisfu Shaaban imebaki wiki mbili na siku chache. Bila ya saba siwezi kuchora jani la kulamanjoma, lile jembamba linalojikunja, pembezoni mwa bangili, na hilo ndilo sonara analolitaka. Sitaki maelezo yako. Nataka kuona kilichobaki.

Duni binti Karimu

*

Bertrams
24 Januari 2026

Kwa Duni,

Nilitaka kuandika kwamba umekosea. Niliandika hata, kurasa mbili, tamu sana. Nimezitia kwenye ndoo ya nzi.

Ni kweli. Naseeb aliniambia mbele ya wateja kwamba mimi ni domo tu, kwamba chuma cha pua kitanishinda kama kilivyowashinda mafundi wa kweli. Unanijua, unajua hilo linatosha. Nikasema lete. Nilisaga jina la Padley kwa jiwe siku mbili. Siku mbili, Duni, na halikutaka kutoka. Nilikuwa naona herufi zinapungua lakini bado zinasomeka, kama mtu anayezama anakutazama. Nilipomaliza pakabaki shimo, nikapiga msasa, nikajiambia pamekuwa safi. Halafu nikachukua ya saba. Nilianza. Herufi ya kwanza ikaingia kwa taabu. Ya pili. Ya tatu nikaegemea kwa bega, ndipo ikalia, tiii, ikateleza, ikakatika. Kipande kikanipiga shavuni, kidole kimoja chini ya jicho.

Baadaye nikaisoma tena karatasi ya yule bibi. Palikuwa na mstari niliouruka kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Unasema Padley alililainisha bamba kwanza kwa moto wa siku kadhaa, akalichora likiwa laini, kisha ndipo likagumishwa ili lichape maelfu. Mimi nilikata lililokwisha kugumishwa. Hata Padley mwenyewe asingeweza.

Naseeb alikuja mbio. Unadhani alitazama jicho langu? Alitazama bamba. Halafu akacheka, akachukua fremu, akaiweka juu ya picha. Ukingo wa fremu ukafunika pale chini pote, doa, herufi, mkwaruzo. "Basi," akasema, "tutabandika kijikaratasi cha jina nyuma." Tangu mwanzo fremu ingefunika. Hakuna aliyehitaji jina lisagwe. Nilimfuta mtu wa watu bure, na nikaivunja kalamu ya baba yako bure, kwa sababu niliambiwa domo.

Ngoja, haijaisha. Mchana mmoja wiki iliyofuata nilijilaza chumba cha nyuma, shavu bado limevimba, na dirisha la pale halifunguki. Nikasinzia. Nilichoamshwa nacho ni mtekenyo. Wale nzi niliowalisha tangu Oktoba, waliotoka kwenye matumbo ya samaki, walikuwa wamejipanga shavuni mwangu wanakunywa. Mmoja alikuwa pembeni ya mdomo. Nilitema mate hadi jioni. Niliona mimi ni ndoo tu, nina miguu. Nikatoka, sikurudi hadi leo. Nimesugua mwili kwa sabuni ya kufulia na bado kila nikinusa mkono naona ni mchana ule.

Mama Héritière kanipa dawa ya kidonda bila kunicheka, hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Othmani anazo zote. Sita nzima, ya saba imekatika upana wa ukucha, na kile kipande nimekifunga kwenye pamba. Lori linaondoka kesho alfajiri, ameapa atakuwa Tanga kabla ya nisfu, nimemwapisha mara tatu.

Geuza karatasi. Hii ni chapa safi, ya kwanza kabisa, ilitoka kabla sijasaga. Nilikuwa nimeificha nikitaka kuiuza peke yangu. Jina lipo. Bamba halina tena, ila karatasi hiyo inalo.

Sasa nina ombi, na najua utapiga kelele. Kazi sina. Mikononi sina kitu. Katika hizo saba, zile mapacha, ya nne na ya tano, zinafanya kazi moja. Nirudishie moja. Kwa mkopo. Nitachora pete kwa wateja wangu mwenyewe hapa Bertrams. Wewe moja inakutosha, wallahi.

Mkono wa familia,
Luqman

*

Tanga
8 Februari 2026

Kaka Luqman,

Othmani alifika tarehe mbili saa kumi jioni. Kitambaa kilipofunguliwa mama alikwenda nje. Kalamu za baba zilinuka samaki aliyeoza, hadi kwenye mipini. Nimezichemsha na ndimu mara mbili, nikazipaka mafuta ya karafuu, mpini wa mpingo nikaufukiza ubani. Bado nikiishika kwa muda mrefu kiganja kinanuka. Nataka ujue hilo kabla ya yote.

Asubuhi yake nilikwenda Barabara ya Nane nikiwa nazo zote saba. Sonara alizimwaga mezani, akaishika ile fupi, akanitazama kama mtu aliyeletewa yai viza. "Hii?" Kijana wa Pangani alikuwa amekaa palepale kwenye stuli, na kopo lake magotini. Nikaomba jiwe. Niliinoa mbele yao. Ilichukua hadi adhana ya adhuhuri, kwa sababu ulipoikata haikukatika sawa, ilipasuka, nikalazimika kuirudisha nyuma zaidi ya kucha, pumzi kwa pumzi, na maji, isipate moto ikalainika. Mara moja nilitaka kulia, nikakumbuka wewe unaweza kusikia nimelia, nikaacha. Kisha nikachora jani moja kwenye kipande cha fedha alichonitupia.

Sonara alilitazama kwa lenzi. Hakusema limependeza. Alimwambia kijana wa Pangani aende nyumbani.

Kwa hiyo nimepata, lakini sikiliza nimepata nini. Ya saba sasa ni fupi, haifiki tena kwenye mkunjo wa ndani wa jani kama ilivyofika mkononi mwa baba. Mstari wangu wa mwisho unaishia kabla ya pale. Sonara ameliona, akanipa upande wa ndani wa bangili, unaogusa ngozi, ambao bwana arusi wala mama mkwe hawauoni. Upande wa nje anachora mwenyewe hadi nitakapopata kalamu ndefu. Hiyo ni kazi yako. Kila jani ninalolichora gizani, wewe ndiye uliyelizimia taa.

Picha ya Padley nimeitundika. Mama aligomba siku nzima: mbwa ndani ya nyumba, na mabega ya yule bibi wazi. Jana nimemkuta amemkatia mtandio wa karatasi, amemfunika vizuri, mbwa amembandikia kishada cha maua. Ameacha jina. Alinionyesha kwa kidole: "Hili usiliguse."

Ombi lako. Kalamu hupewi. Si ya nne, si ya tano, si kwa mkopo, si kwa siku moja. Mapacha hao si wa kazi moja, mmoja ni wa mstari wa kwenda na mmoja ni wa kurudi, na kama ulikuwa hulijui hilo basi baba alisema una mkono kwa kukutia moyo tu.

Ila sonara anatafuta mtu wa kunoa na kufagia vumbi la fedha. Kijana wa Pangani amekataa, anasema ni kazi ya watoto. Nimesema ninamjua mtu. Nimesema ni mchafu, ana domo, na ameharibu kalamu moja ya thamani kuliko yeye. Sonara akauliza, "Anaweza kukaa kimya?" Nikasema hatujapata kujaribu. Utakuwa chini yangu. Utanoa zangu kwanza, nitakagua kwa lenzi. Mama amekubali ulale barazani, mradi usiingie na nguo ulizovaa huko.

Usijibu kwa mashairi. Ndiyo au hapana.

Duni

*

Bertrams
17 Februari 2026

Kwa Duni, bosi mpya wa dunia,

Barua yako niliikasirikia siku mbili. Ya kwanza nilisema, mimi? Chini ya mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Ya pili Naseeb alikuja hadi chumbani, amevaa suti, akaniambia nirudi, nzi wamehama, wateja wanalalamika picha ni safi mno. Alinipa mkono. Nikautazama ule mkono. Nikamwambia Naseeb, nawa kwanza. Akadhani utani.

Nguo zote nimemgawia Ruphin wa chumba cha pili, yeye pua yake iliziba tangu Bukavu. Nimebakiza suruali moja, nayo nimeichemsha.

Jibu: ndiyo. Nanoa vizuri kuliko yeyote ninayemjua, utaona, utaniomba nikuonyeshe. Kukaa kimya nitajaribu kuanzia mpakani. Ramadhani inaingia, naja na Othmani, barua hii itatangulia kwa basi, mwambie mama aniwekee futari ya siku ya nane au ya tisa. Kukaguliwa kwa lenzi nimekubali. Chini yako nimekubali, mbele ya watu niite fundi.

Lakini sifagii. Hilo andika.

Luqman

Nyongeza, ndani ya lori, tukienda kituo cha basi kuituma: Othmani ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amezima injini, anasema asiyefagia anashuka. Watu wanapiga honi nyuma yetu. Nitafagia.